Moshi wa sigara ya mwenzako: unafanya nini ndani ya mapafu ya asiyevuta

Kila mwaka tarehe 31 Mei, siku ya dunia ya kupinga tumbaku, redio za Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, huzungumzia sigara kwa siku moja au mbili. Baada ya hapo mjadala unahamia kwenye nganda, yaani baa zetu, chini ya turubai za kilio, kwenye foleni ya maji, na huko ndiko mambo yanakochanganyika. Mmoja anashikilia kwamba moshi wa sigara ya mwenzako hauna nguvu, kwa kuwa umekwisha kuchujwa na mapafu ya mwenyewe. Mwingine anaapa kwamba ni afadhali uvute mwenyewe kuliko kuvutishwa. Wa tatu anawanyamazisha wote: sisi watu wa Goma tunapumua volkano ya Nyiragongo, tunapumua mbabula, yale majiko ya makaa, tunapumua vumbi la mawe ya volkano na moshi wa malori, kasigara kamoja ka jirani katatuongezea nini?

Kila mmoja ameshika kipande cha jambo. Na kwa kuwa wanaoumia zaidi wakati ubishi huu ukiendelea ni watoto na akina mama ambao hakuna anayewauliza, inafaa tulichambue jambo lenyewe polepole, kuanzia kwenye ncha ya sigara hadi ndani kabisa ya pafu.

Moshi wa aina mbili

Tukisema "moshi wa wengine", tunamaanisha moshi wa tumbaku ambao mtu anaupumua bila yeye mwenyewe kuvuta. Unatoka mahali pawili. Kuna moshi ambao mvutaji anautoa kinywani na puani baada ya kuuvuta. Na kuna moshi unaopanda wenyewe kutoka kwenye ncha ya sigara inayoungua, wakati mvutaji ameishika tu mkononi akizungumza, au ameiweka kando akipanga karata zake. Huu wa pili tuuite moshi wa ncha.

Watu wengi huuona ule wa kinywani kwa sababu ndio wenye wingu kubwa. Lakini moshi wa ncha ndio mwingi: unafikia karibu asilimia 85 ya moshi wote unaobaki chumbani. Hesabu yake si ngumu. Sigara moja huvutwa mara kumi hivi, kila mara kwa sekunde mbili hivi. Muda wote unaobaki inaungua yenyewe, na moshi wake unamwendea yeyote aliye karibu.

Mbabula inaweza kutusaidia hapa. Mama wa Goma hawashi mbabula ndani ya nyumba. Anaiwasha nje, anaipepea, anangoja makala (makaa) yashike na kuwa mekundu, ndipo anaiingiza. Anajua kwamba makala ambayo hayajashika vizuri ndiyo yanayotoa moshi mzito unaochoma macho. Sigara nayo iko hivyo. Mvutaji anapoivuta, hewa inapita kwa nguvu na ncha inafika karibu nyuzijoto 900. Anapoiacha, moto unashuka hadi 600 hivi na tumbaku inaungua nusunusu. Kitu kinachoungua nusunusu hutoa sumu nyingi zaidi. Kwa hiyo aliyekaa kando anapumua moshi wa mbabula ambayo haijashika. (Na kwa kuwa tumeitaja: hata mbabula iliyoshika vizuri hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu waliolala nayo chumbani. Isilale ndani, hata siku ya baridi kali.)

Yule wa kwanza, basi, amekosea. Moshi mwingi anaoupumua asiyevuta haujapita kwenye mapafu ya mtu yeyote, wala kwenye chujio lililo mwisho wa sigara. Chujio hilo linamhudumia anayevuta peke yake.

Makampuni ya tumbaku yalilijua hili mapema. Miaka ya 1980 kampuni ya Philip Morris ilifanya majaribio kwa panya katika maabara yake huko Ujerumani, na majaribio yakaonyesha kwamba moshi mbichi wa ncha, gramu kwa gramu, una sumu karibu mara nne kuliko moshi anaouvuta mvutaji. Matokeo hayo hayakutangazwa. Umma uliyajua baada ya watafiti kuzichambua nyaraka za kampuni hiyo na kuandika walichokikuta, mwaka 2005.

Hiyo haina maana kwamba yule wa pili anasema kweli. "Gramu kwa gramu" si sawa na "kwa jumla". Asiyevuta hupokea moshi uliochanganyika na hewa ya chumba, hivyo anapata gramu chache. Anayevuta hupokea ule anaouvuta na huohuo unaopanda kutoka mkononi mwake. Anaumia zaidi, bila ubishi. Hakuna faida yoyote ya kuwasha sigara yako eti ujikinge na ya mwenzako.

Safari ya moshi kifuani

Pafu si mfuko mmoja mkubwa kama wengi tunavyolifikiria. Hewa inashuka kwa mrija mmoja kutoka kooni, mrija unagawanyika mara mbili, kila tawi linagawanyika tena, na tena, zaidi ya mara ishirini, hadi kwenye vifuko vidogo sana vya hewa. Mtu mzima ana vifuko hivyo karibu milioni 480. Ukuta wa kifuko ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na nyuma yake damu inapita. Hapo ndipo oksijeni inapoingia mwilini. Ukivitandaza vyote vinafunika kiasi cha mita za mraba 70. Ngozi yetu haifiki hata mita mbili za mraba, tena ni nene. Pafu ndiyo sehemu ya mwili iliyo wazi zaidi kwa hewa ya nje.

Kwa sababu hiyo limewekewa ulinzi. Ndani ya mirija kuna ute unaonasa uchafu, na chini ya ute kuna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kwa pamoja mara kumi au zaidi kila sekunde na kuusukuma ute kuelekea kooni. Tunaumeza bila kujua, au tunaukohoa. Vumbi la barabara zetu, lile linalotufanya tupenge kamasi jeusi jioni, sehemu yake kubwa hunaswa hivyo, puani na kwenye mirija ya juu.

Moshi wa sigara unaushinda ulinzi huo. Kwanza ni kwa udogo wa chembe zake. Nyingi hazifikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo zinaipita pua, zinaipita mirija mikubwa na kutua chini kabisa kwenye vifuko. Jambo la pili ni baya zaidi. Ndani ya moshi mna gesi, kama akrolini na sianidi ya hidrojeni, ambazo zinavidhoofisha vinyweleo: vinapunguza kasi, halafu vinasimama. Ute unabaki palepale. Vijidudu vilivyonaswa ndani yake, badala ya kutolewa nje, vinapata mahali pa kuzaliana. Ndiyo sababu mtoto wa nyumba yenye mvutaji anakuwa na kikohozi kisichoisha, kila mafua yanashuka kifuani, mama anahama kutoka farmasi moja hadi nyingine akitafuta sirapu yenye nguvu, na hakuna anayemtazama baba aliyekaa mlangoni na sigara yake.

Mirija yenyewe inapowashwa kila siku inavimba, na misuli inayoizunguka inabana. Kwa mtu mzima mwenye afya huenda asihisi kitu. Kwa mtoto mdogo hali ni tofauti kabisa, kwa sababu mirija yake ni myembamba tangu mwanzo, na kuna kanuni ya fizikia isiyo na huruma: upana wa mrija ukipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa unaongezeka mara kumi na sita. Uvimbe ambao kwa baba ni kukohoa kidogo asubuhi, kwa mtoto wa miezi sita ni mbavu zinazoingia ndani kila anapovuta pumzi. Mwenye pumu naye yuko hivyo. Moshi wa dakika chache katika chumba kidogo unatosha kumwamshia shambulio.

Tushuke hadi kwenye vifuko. Chembe zikitua huko, seli nyeupe za damu zinakuja kuzila na kuzimaliza. Ni kazi yao. Lakini zikipambana zinamwaga vimeng'enya vya kuyeyusha adui, na vimeng'enya hivyo vinayeyusha pia nyuzi za ukuta wa kifuko, zile zinazofanya pafu litanuke na kujirudi. Mapambano ya siku moja mwili unayamudu. Ya kila jioni kwa miaka ishirini yanauchosha. Kuta zinatoboka, vifuko vidogo vinaungana na kuwa vikubwa visivyo na nguvu, na zile mita za mraba 70 zinaanza kupungua. Kwa mvutaji mwenyewe njia hii ya uharibifu imethibitishwa bila shaka. Kwa aliyeishi miaka mingi karibu naye, ushahidi unaelekea hukohuko.

Kisha kuna kaboni monoksidi, gesi ileile ya mbabula. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo inakalia nafasi ambayo oksijeni ingekaa. Hapa sisi tuna jambo letu wenyewe. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam. Mwili wetu umeshazoea. Ila mama mjamzito, mzee mwenye moyo dhaifu au mtoto mwenye nimonia hana akiba ya kugawana na sigara ya mtu.

Vipi kuhusu saratani?

Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 69 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Mojawapo, benzopireni, inafahamika vizuri. Ikiingia kwenye seli ya pafu inabadilishwa na mwili na kisha inang'ang'ania kwenye DNA, yale maagizo ambayo seli inayafuata ili iishi na kujigawa. Inapenda hasa sehemu inayoitwa p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isijigawe. Seli iliyopoteza kizuizi hicho inaweza kukaa miaka mingi kabla ya kuwa uvimbe. Ndiyo maana mtu anasema, "Mimi nimekaa na wavutaji maisha yangu yote na sina kitu," na leo anasema kweli.

Aliyeufungua mlango wa ushahidi ni Mjapani, Takeshi Hirayama. Aliwafuatilia wanawake 91,540 wasiovuta, wote wake za watu, kwa miaka 14, akilinganisha wale ambao waume zao wanavuta na wale ambao waume zao hawavuti. Mwaka 1981 alitangaza kwamba wake za wavutaji wanakufa kwa saratani ya mapafu zaidi, na kadiri mume anavyovuta sana ndivyo hatari ya mke inavyopanda. Mwaka huohuo utafiti wa Ugiriki ulitoa matokeo yanayofanana. Makampuni ya tumbaku yaliushambulia utafiti wa Hirayama kwa miaka mingi. Mwaka 1986 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alitoa ripoti iliyothibitisha kwamba moshi wa wengine unaleta saratani ya mapafu kwa wasiovuta, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka rasmi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mwaka 2006 mahakama ya Marekani iliamua kwamba makampuni makubwa ya tumbaku yalikuwa yameudanganya umma kuhusu moshi huu. Shaka ambayo bado unaisikia kwenye nganda za Goma, sehemu yake ilitengenezwa kwa makusudi, kwa fedha nyingi, mbali sana na hapa.

Kiasi cha hatari nacho kielezwe bila kutisha watu. Kuishi na mvutaji kunaongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Maana yake ni kwamba ikiwa katika kundi fulani la wasiovuta wangeugua watu 10, katika kundi la ukubwa uleule linaloishi na wavutaji wangeugua 12 au 13. Ni ongezeko la kweli, lakini halifanani hata kidogo na la mvutaji mwenyewe, ambaye hatari yake ni mara 15 hadi 30. Hatari ya ugonjwa wa moyo nayo inapanda kwa asilimia 25 hadi 30, na kwa kuwa magonjwa ya moyo ni ya kawaida zaidi kuliko saratani ya mapafu, huko ndiko watu wazima wengi wasiovuta wanakopotea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa wengine.

Watoto wetu

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga huvuta 30 hadi 60. Chumba kimoja, moshi uleule, na yeye mdogo ndiye anayeukusanya kwa haraka zaidi kulingana na uzito wake. Tena hawezi kuondoka. Mke anaweza kusingizia kwenda kuangalia sufuria; mtoto aliyebebwa mgongoni au aliyelazwa kitandani anapumua kilichopo.

Mapafu yake, zaidi ya hayo, bado yanajengwa. Vifuko vingi vya hewa huota baada ya kuzaliwa, na pafu huendelea kukua hadi karibu miaka ishirini. Watoto wanaokulia kwenye moshi wanafika utu uzima na mapafu yenye nguvu pungufu, na upungufu huo hawaujui mpaka siku watakapougua. Wanapata bronkiti na nimonia mara nyingi zaidi, pumu inawashika na kuwa kali zaidi, masikio yanatoa usaha. Watoto wachanga wanaofariki ghafla usingizini bila sababu kuonekana ni wengi zaidi katika nyumba zenye wavutaji. Hata aliye tumboni hajakingwa: sumu zinapita kwenye kondo la nyuma, na mtoto anazaliwa na uzito mdogo.

Kifua kikuu kinastahili kutajwa hapa, maana Kongo ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo duniani. Zile seli nyeupe zinazolinda vifuko ndizo zinazotakiwa kumshika mdudu wa kifua kikuu na kumfunga asienee. Seli zilizochoshwa na moshi zinamshika vibaya. Katika nyumba zetu ambako familia mbili au tatu zinalala chini ya bati moja, babu anayekohoa na kuvuta mbele ya wajukuu anawaletea hatari mbili kwa pamoja.

Lakini tunapumua Nyiragongo

Nimeliacha swali la yule wa tatu hadi hapa kwa sababu ndilo linalobeba ukweli mwingi, na ndilo linaloponza watu wengi. Ni kweli kwamba volkano yetu inatoa dioksidi ya salfa, gesi inayowasha mirija ya hewa. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za Goma zinapika kwa makala, na moshi wa jikoni duniani kote uliua watu takriban milioni 3.2 mwaka 2020. Anayesema sigara ndiyo tatizo pekee la mapafu ya watu wa Goma hajakaa Goma.

Kosa liko kwenye hitimisho. Mapafu hayana daftari la kila moshi. Vinyweleo vilivyochoshwa na makala ndivyo hivyohivyo vinavyosubiri sigara, na mrija uliovimba kwa salfa ndio unaovimba tena. Moshi mmoja haufuti mwingine. Unaongezeka juu yake. Mtu aliyekwisha kubeba mzigo mkubwa ndiye asiyepaswa kuongezewa.

Kuna na tofauti ya umbali. Gesi ya mlima huenda na upepo, siku nyingine inaelekea kwingine kabisa. Sigara iko mita moja kutoka kwenye uso wa mtoto, ndani ya kuta nne. Shirika la Afya Duniani linashauri chembe ndogo hewani zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa siku nzima. Kwenye baa zenye wavutaji, vipimo katika nchi nyingi vimekuta mamia. Na makala mama anayahitaji ili watoto wale. Nyiragongo hakuna anayeweza kuihamisha. Sigara inahama kwa hatua kumi, bila gharama.

Dirisha, feni na shisha

Kufungua dirisha hakutoshi. Moshi unaweza kubaki chumbani kwa muda wa saa mbili hadi tatu baada ya sigara kuzimwa, hata dirisha likiwa wazi, na sehemu yake kubwa haionekani wala hainuki. Wengine husema nyumba zetu za mbao zina matundu, hewa inapita yenyewe. Mchana labda. Jioni mvua ikinyesha na baridi ya ziwa ikipanda, matundu hayohayo tunayaziba kwa magunia na turubai, na huo ndio wakati baba amerudi na kuwasha sigara. Feni inazungusha moshi uleule. Manukato na ubani vinaficha harufu tu. Kuvuta kwenye chumba kingine pia hakusaidii, maana ukuta wa mbao haujawahi kuzuia moshi; katika parseli, yaani kiwanja kimoja, yenye wapangaji wanne, wa kwanza akivuta, wa nne anapumua.

Ndani ya teksi ni vibaya zaidi kwa sababu nafasi ni ndogo, hata dereva akitoa mkono nje. Shisha nayo haisafishwi na maji: maji yanaupoza moshi, hayaondoi sumu, na makala yaliyo juu yake yanaongeza kaboni monoksidi.

Kinachosaidia ni kimoja, na ripoti ya daktari mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilikiandika wazi: hakuna kiwango cha moshi wa wengine kisicho na madhara, na njia ya kumkinga asiyevuta ni kuondoa kabisa uvutaji ndani ya jengo. Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kufanya hivyo katika sehemu zote za kazi, baa zikiwemo, mwezi Machi 2004. Kongo iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, na kifungu chake cha 8 kinazitaka nchi zote wanachama kuwakinga watu na moshi huu kazini, kwenye vyombo vya usafiri na katika majengo ya umma. Lakini chumbani kwako hakuna askari wa kukusimamia, na sidhani anahitajika. Panahitajika makubaliano.

Najua ugumu wake. Kumwambia mkwe au mzee wa familia asivute ni jambo zito kwetu, na nikotini inamfunga mtu hasa. Anayevuta si mtu mbaya. Wanawake kadhaa wa hapa wamepata njia ya heshima, wanapanga kiti nje kabla mzee hajafika na kumkaribisha huko: "Papa, tumekuwekea kiti hapa inje, kwenye jua." Hakuna aliyefukuzwa. Kiti kiwe mbali na mlango na dirisha, si kizingitini. Baada ya sigara, aoshe mikono na kubadili shati kabla ya kumpakata mtoto, kwa kuwa mabaki ya moshi hukaa kwenye nguo na ngozi.

Faida inaonekana mapema kuliko watu wanavyodhani. Uskoti ilipopiga marufuku kuvuta kwenye baa mwezi Machi 2006, watafiti waliwapima wahudumu wa baa kabla na baada. Kabla, karibu 8 kati ya 10 walikuwa na dalili kama kikohozi, kifua kubana au macho kuwasha. Miezi miwili baadaye walikuwa wamebaki chini ya nusu, na wenye pumu walipumua vizuri zaidi. Nawafikiria wasichana wanaohudumu usiku kwenye nganda zetu, ambao hawakuchagua moshi huo na wanaurudisha nyumbani kwenye nguo zao. Vinyweleo vinaamka, uvimbe unashuka. Kisichorudi ni kuta za vifuko zilizokwisha kutoboka.

Mtoto akikohoa, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, au sehemu ya chini ya kifua kuingia ndani anapovuta hewa, ni dalili za kumpeleka hospitali siku hiyohiyo, bila kupitia farmasi kwanza. Na ukifika kwa munganga, mwambie nani anavuta nyumbani na anavutia wapi, hata kama hajakuuliza.